Pedi za Nyuma Hazikuingia

Wanafunzi wake walimbandika jina la Mama Breki, na jina likamganda. Alikuwa mwalimu wa udereva. Karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa ameketi upande wa abiria, mguu ukiwa juu ya ile breki ya pili ya mwalimu, akiendeshwa taratibu na watu wenye jasho viganjani. Kwa hiyo aliponunua gari la mbio, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Halikuwa gari la mbio la matajiri. Lilikuwa gari la kawaida la milango minne, la kupelekea watoto shule, ila kiwanda kilikuwa kimelitia injini yenye hasira na viti vinavyokubana kiuno. Lilikuwa limezeeka, ndiyo maana aliweza kulinunua. Lilikuwa jekundu, limepauka paani, na aliyemuuzia ni mzee mmoja fundi saa ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

"Nitalirudishia ujana wake mwenyewe, hapa hapa uani," alimwambia mumewe.

Mumewe alikuwa muuguzi, mtu mpole asiyependa makuu. Alilizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi kama afanyavyo mtu asiyejua magari. "Sawa," alisema. "Lakini nguo za kazi utafua mwenyewe."

Kazi ilianza vizuri. Alilipandisha juu ya magogo chini ya kibanda cha bati, akamwaga oili iliyokuwa nyeusi na nzito kama lami, akabadilisha plagi, akasafisha kabureta hadi ikang'aa. Spea zote alizichukua dukani kwa kufuata namba ya chesisi iliyogongwa chini ya boneti, nazo mwanzoni zilikaa mahali pake bila ubishi. Breki za mbele alizimaliza huku akiimba.

Pedi za nyuma hazikuingia.

Alizigeuza. Akazipangusa. Akasugua vishikizo kwa brashi ya waya, akajaribu tena. Wapi! Akazifunga kwenye gazeti, akarudi dukani.

"Mama, namba haidanganyi," muuza spea alimwambia. "Pedi zako ni hizi hizi."

"Haziingii."

"Labda umezigeuza."

"Nimezigeuza kila upande, hata upande ambao hazina."

Yule mtu alikuna kichwa, akampa za toleo la zamani zaidi ajaribie tu. Zikaingia zenyewe, kama zilizokuwa zikisubiriwa. Mama Breki akajisemea kwamba labda fundi fulani alishabadilisha breki za nyuma zamani. Yanatokea.

Kisha zikaja nyaya. Akiwasha indiketa ya kushoto, nyuma inawaka taa ya kurudia nyuma. Aliufuata waya kwa vidole: mbele ulikuwa wa kijani, ukazama chini ya zulia, na ulipoibukia kwenye buti ulikuwa wa kahawia. Kisha vioo. Pembeni mwa kila kioo kulikuwa na mwaka umechapwa kwa herufi ndogo, na milango ya mbele ilikuwa na mwaka wake, ya nyuma wa kwake. Mwishowe akachukua futi kamba, akapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Upande wa kulia ulizidi wa kushoto kwa unene wa kidole gumba. Akapima tena, akapata tofauti nyingine. Akapima tena, akasahau ya kwanza ilikuwa ngapi.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na haikuwa hofu ya gari.

Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kuacha funguo kwenye kopo la sukari, watu wakacheka. Akaendelea kwa kuwaita wanawe majina ya ndugu zake mwenyewe, kicheko kikapungua. Alipofariki hakuwa akijua yumo nyumbani kwa nani. Na alipoanza, umri wake ulikuwa kama huu wa bintiye sasa. Mama Breki hakuwahi kulisema jambo hilo kwa sauti, na mumewe naye hakuwahi kulisema. Lilikaa kati yao tu.

Wiki hiyo hiyo, akiwa kazini, alimwambia mwanafunzi mmoja, karani wa benki, "Kata kushoto," huku mkono wake ukionyesha kulia. Karani alisimamisha gari katikati ya njia panda.

"Mwalimu, nifuate mdomo au mkono?"

Honi zililia nyuma yao. Mama Breki alicheka, karani naye akacheka. Lakini aliporudi nyumbani, alichukua futi kamba kabla hata ya kuvua viatu.

Mumewe alimtazama kutoka dirisha la jikoni. Wakati wa kula akamuuliza taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Mama, leo ni siku gani?"

"Unaniuliza kama mgonjwa wako?"

"Nauliza tu."

"Jumatano."

Mumewe aliendelea kukata kipande chake cha mkate vipande vidogo vidogo, na hakukila. Ndipo Mama Breki akakumbuka kalenda ya kazini. Ilikuwa Alhamisi.

Jumamosi asubuhi aliamua kuachana na vipimo. Atashughulikia kutu, kutu haihitaji hesabu. Alifungua viti vya mbele, akavitoa nje, akaanza kuling'oa zulia lililogandishwa sakafuni kwa gundi. Chini yake palikuwa na rangi nene. Alipopiga msasa, rangi ilitoka na vumbi jeupe la puti ya kuzibia mabati, puti ikameguka vipande vipande, na chini ya puti ukatokeza mstari wa chuma kilichochomelewa, wenye vinundu, ukikatiza sakafu kutoka mlango hadi mlango.

Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaita, "Baba! Njoo hapa. Usiseme kitu. Angalia, halafu uniambie unaona nini."

Mumewe alivaa miwani, akapiga magoti, akaingiza kichwa ndani ya gari. Alikuwa ameona makovu mengi kazini. Aliupapasa ule mstari kwa kidole.

"Naona mshono," alisema. "Umeanzia hapa, umepita hapa, halafu unapanda kwenye nguzo ya mlango. Aliyeshona hakuwa na subira."

"Unauona kweli?"

"Nauona, mama. Upo."

Mama Breki aliketi kwenye kiti cha gari kilichokuwa chini uani, akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Mumewe alidhani analilia gari. Alimpigapiga begani, akamwahidi watatafuta jingine.

Walimwita fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili. Alikuja na nyundo ndogo, akagonga huku na huku akisikiliza kama daktari anayepima kifua.

"Shangazi, hili si gari," alitangaza. "Haya ni magari mawili. Moja liligongwa mbele, jingine nyuma. Mjanja mmoja akachukua nusu mbili nzima, akazifungisha ndoa."

"Lakini limetembea miaka yote hiyo."

"Limetembea kwa huruma. Siku likipata kishindo cha kweli, wewe utaendelea na safari na usukani wako, waliokaa nyuma watabaki walipo."

Fundi saa alipopigiwa simu hakuamini. Alikuja mwenyewe, akiongozwa na fimbo, na kwa kuwa hakuona vizuri waliuweka mkono wake juu ya mshono. Vidole vyake vyembamba viliufuata polepole hadi mwisho. Kisha akaomba pa kukaa.

"Sikujua, binti yangu. Nililinunua likiwa hivyo hivyo. Wajukuu wangu walikuwa wanakaa hapa nyuma, na mimi pale mbele. Kumbe tulikuwa kila mtu na gari lake."

Alijitolea kulichukua na kumrudishia pesa zake. Mama Breki alitaka kukubali, na akajishangaa hakubali. Alitaka kumkasirikia mtu, lakini aliyestahili hasira hiyo hakuwa na jina wala sura, na huyu aliyeketi mbele yake alikuwa amewapakia wajukuu wake humo humo.

"Ukilichukua utalifanyia nini, mzee?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Basi tukae nalo kwanza."

Jioni, walipobaki wawili, mumewe alianua nguo kwenye kamba, akasema bila kugeuka, "Gari limejibu habari ya pedi. Limejibu na ya nyaya. Lile la Jumatano halijajibu."

"Najua."

"Nitakusindikiza hospitali."

Daktari alimpa maneno matano ayakumbuke, akamhesabisha kurudi nyuma, akamchoresha maumbo. Mwishowe akamwambia, "Kwa leo sioni kitu cha kutisha. Hulali vizuri, na una wasiwasi mwingi. Urudi mwakani tuangalie tena." Njia nzima ya kurudi, Mama Breki aliligeuzageuza lile neno "kwa leo". Hakuelewa kama ameachiwa huru au amepewa dhamana. Alimuuliza mumewe. Mumewe alifikiri, akasema kwamba na yeye haelewi, na jibu hilo, ajabu, likamtuliza kidogo.

Fundi wa kuchomelea ndiye aliyepata bodi nyingine: gari la aina ile ile, jeupe, zima kuanzia pua hadi mkia ila halina injini, limeegeshwa nyuma ya karakana ya shule moja na kuku wanatagia ndani. Walilivuta hadi uani. Lile jekundu fundi alilikata pale pale penye mshono. Mama Breki alisimama akitazama nusu mbili zikiachana, akangoja kuona atahisi nini. Alihisi njaa.

Injini ilihamia, na gia boksi, na viti vile vinavyobana kiuno. Fundi saa alikuwa akija kila Jumamosi, anaketi na beseni la nati na skrubu, anazitenganisha kwa kupapasa tu, akizipa majina ya utani.

Siku ya kulijaribu, injini iliitikia mara ya kwanza. Mumewe alikaa mbele, mzee akakaa nyuma akiwa amefunga mkanda tangu kabla mlango haujafungwa. Waliteremka mtaani kwa gia ya kwanza, wakaingia ya pili. Mama Breki alikanyaga mafuta. Viti viliwapokea migongo. Muuguzi aliushika mlango kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Ongeza kidogo," alisema.

Akaongeza. Walipofika kona ya kwa dobi, injini ilikohoa, ikatikisika, ikazima kimya.

"Nini tena?" mzee aliuliza.

"Sijui," alisema Mama Breki. Mafuta yalikuwamo, betri ilikuwa mpya, kila waya alikuwa ameufunga kwa mkono wake. Alishuka, akafungua boneti, akainama juu ya injini iliyokuwa bado inapumua joto. Dobi alitoka na pasi mkononi, akauliza kama wanahitaji kusukumwa.

"Subiri kwanza," alimjibu, mikono tayari imo ndani. "Baba, hamia kwenye kiti changu. Nikikwambia washa, washa."