Salamu za Bwana Tobias

Katarina alikaa mwisho wa benchi, barazani mwa hospitali, chini ya dirisha, ili upepo uichukue harufu ya titi lake kabla haijawafikia wenzake. Kitambaa alichofungia kidonda alikifua mwenyewe. Siku hizi hata pamba na glavu mgonjwa ananunua dukani ndipo ahudumiwe. Alikuwa amepanda kutoka Lituhi, kando ya ziwa, juu ya lori la mihogo, mdogo wake Recho akimshika mgongo kila kona ya mlima.

Mbele yao, nyuma ya meza, alikaa Bwana Tobias wa ustawi wa jamii, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, shati limenyooka. Kazi yake ilikuwa kuwauliza wagonjwa wa saratani hali zao za maisha. Asiye na uwezo angepata nafasi bure kwenye gari la hospitali, mpaka Dar es Salaam, kwenye mionzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Chakula?"

"Tunashukuru."

"Mzee?"

"Hajambo."

"Watoto je?"

"Wazima."

Katarina akasubiri. Kwao ziwani salamu humalizwa kwanza. Mtu hamwagi shida zake mlangoni kama maji machafu. Zikiisha, mwenyeji hutulia kidogo, kisha husema, "Haya, lete habari." Hapo ndipo angesema kwamba mumewe Adrian amepooza, kugeuzwa anageuzwa, kwamba mtumbwi umeuzwa, kwamba watoto wanakula mihogo mchana, usiku wanalalia maji. Maneno hayo alikuwa ameyapanga njia nzima.

Bwana Tobias akafunika kalamu. "Asante. Mwingine."

"Dada, mbona hujamwambia?" Recho alinong'ona.

"Hajaniuliza."

Mchana majina yakasomwa. La Katarina halikuwemo. Gari likajaa, likaondoka.

Sista Ida, aliyekuwa akimsafisha kidonda kila alipokuja na kuyajua ya nyumbani kwake, akamrudisha mezani.

"Bwana Tobias, huyu umemwachaje?"

"Sista, mwenyewe kasema chakula kipo, mume hajambo. Umaskini nimtungie mimi?"

Mtu akacheka kwenye benchi.

"Mume wake hata kukaa hawezi," Sista alisema. "Mganga mkuu atalisikia hili leo." Akaingia ndani.

Bwana Tobias akashusha sauti. "Mama, tusaidiane. Akitoka Sista, mwambie ulinidanganya, uniombe radhi, yaishe. Safari ijayo nakuweka wa kwanza."

"Safari ijayo lini?"

"Baada ya masika. Mafuta yakipatikana."

Recho akamvuta kanga. "Sema tu, dada. Neno halivunji mfupa."

Katarina alitazama barabara, vumbi la gari likitua juu ya mibuni. Kwapani mwake kulikuwa na uvimbe mwingine, mdogo kama punje ya harage. Alikuwa bado hajamwambia Recho. Masika yalikuwa mbali.

Sista akatoka.

"Haya, mama," Bwana Tobias alisema kwa sauti ya ofisi. "Mweleze Sista."

"Mwanangu, ulinisalimu, nikaitika. Habari zangu mpaka sasa hujaziuliza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siombi radhi."