Mwanamke wa Shela

Mimi si mtu wa kuogopa picha. Nasema mapema, msije mkaniona mwoga bure.

Nyumba yetu iliungua mwaka mmoja baada ya mama kufariki, na picha zake zote zikateketea. Nikajiapiza nitamchora mwenyewe, kwa rangi za mafuta, kabla sura yake haijanitoka kichwani. Nikaenda kwa mwalimu wa uchoraji, nikamweleza. Mzee akacheka.

"Haraka haraka haina baraka, binti yangu. Kwanza nakili huyu."

Akanipa picha ya mwanamke aliyejitanda shela, kazi ya bingwa wa zamani sana. Tena akaipindua, kichwa chini. "Usichore mtu, chora vivuli. Macho yakijua ni uso, yatakudanganya."

Nilinuna, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Miezi minne nikapaka tabaka la kahawia, nikangoja likauke, nikapaka jingine juu yake. Ikafika mahali nikifumba macho nimkumbuke mama, naona shela. Nikamwambia mwalimu.

"Uchovu huo," alijibu, bila kunitazama.

Siku ya kumaliza, nikaigeuza picha yangu. Yule mwanamke alinitazama kama mtu aliyechoka kunisubiri. Jamani, nywele zilinisimama! Nikaibeba hivyo hivyo, rangi mbichi, pamoja na brashi na rangi zangu, nikamwonyeshe dada yangu mkubwa, aliyemuuguza mama mpaka mwisho.

Dada akaangusha sufuria.

"Mama!" akalia. "Umempatia, mdogo wangu! Umempatia!"

"Dada, acha utani. Huyu ni mtu wa watu, nimemnakili tu."

"Una wazimu? Nisimjue mama yangu mzazi?"

Hasira zikanipanda. "Mama alikuwa na baka jeusi shavuni! Hapo liko wapi?"

Dada akaisogelea picha. Akakagua shavu moja, kisha la pili, polepole, machozi bado yanamtiririka.

"Mama hakuwa na baka," akasema kwa upole. "Si huyu hapa? Tazama mwenyewe."

Nikachovya brashi kwenye rangi nyeusi nimtie lile baka, angalau mmoja wetu asimsahau mama. Nikainua mkono. Shavu la kulia, au la kushoto? Nikasimama pale mpaka rangi ikaanza kudondoka sakafuni, na bado sikujua.