Kila Timu ni Simba

Wakameruni ndio waliotuharibia. Kabla ya Kombe la Dunia la mwaka wa tisini, timu za kwetu zilikuwa na majina ya kawaida tu, kila moja na lake. Kisha wale Simba wa Kameruni wakawalaza Argentina, sisi tukitazama televisheni ya betri ya gari dukani kwa Ephantus, na kabla mwaka haujaisha kila kiwanja kutoka Konoin hadi Londiani kilikuwa na simba wake. Simba wa Kimulot, Simba wa Sotik, Simba wa Chepilat, Simba wa Londiani. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza jirani.

Ephantus, mfanyabiashara kutoka Murang'a aliyekuwa akitununulia mipira na kutangaza mechi kwa kipaza sauti, karibu arukwe na akili. "Simba anampokonya Simba! Simba anapiga! Simba anadaka!" Watu walivunjika mbavu, yeye akinuna. Mwaka wa tisini na tatu, Simba wa Kimulot na Simba wa Chepilat walipofika fainali, akatoa amri: atakayeshindwa ataacha jina, la sivyo watafute mtu mwingine wa kununua mipira.

Kipa wa Kimulot alikuwa Kiptanui, na mimi nilitaka anioe. Alikuwa na mikono mirefu na maneno machache, na siku za mvua alinipokea kikapu cha majani chai njia nzima hadi kituo cha kuuzia. Nilimpenda, basi. Wazee wao walikuja kwetu kwa koito, posa yetu sisi Wakipsigis, wakaanza kuulizana koo kama desturi ilivyo. Kwetu kila ukoo una mnyama wake, na watu wa mnyama mmoja ni ndugu, hawaoani. Mnyama wetu ni simba. Wa kina Kiptanui ni korongo. Mambo yakawa sawa, maziwa ya mursik yakamiminwa.

Ndipo nyanya yangu, Kogo, akachungulia dirishani. Kiptanui alikuwa ametoka mazoezini moja kwa moja, akasimama uani na jezi yake yenye kichwa cha simba kifuani.

"Yule aliyevaa mnyama wangu ni nani?"

"Ni mambo ya mpira tu, Kogo," nikadakia kutoka jikoni, mahali ambapo sikutakiwa hata kukohoa.

"Anamvaa. Anaitwa kwa jina lake. Akifungwa, watu wanasema simba amefungwa. Basi huyo ni mtoto wa mnyama wetu. Ni kaka yako."

Wazee wakatazamana. Kesi kama hiyo hawakuwahi kuisikia, na mwenye ubavu wa kubishana na Kogo hakuwepo. Wakanywa mursik wao, wakaenda zao, na posa ikasimama hapo.

Nilikasirika hadi kesho yake shambani nikachuma hata majani ya chai makavu. Kogo alikuwa mstari wa pili, anachuma taratibu, hana habari.

"Hata Uingereza wana simba kifuani," nikamwambia. "Tena watatu. Senegali ni simba. Moroko ni simba. Singapoo ni simba. Hao wote ni kaka zangu?"

"Hao hawajaja kukuposa," akasema, akaendelea kuchuma.

Njia ikabaki moja. Jioni nilimfuata Kiptanui uwanjani nikamwambia bila kuzunguka: "Jumapili mfungwe. Bao moja tu upitishe. Jina liende Chepilat, na udugu uishe."

Aliangalia mikono yake. "Chepkurui, hiyo jina si yangu peke yangu. Ni ya timu mzima."

"Na mimi je?"

Nikamwacha amesimama hapo, nikaenda na hasira zangu.

Siku ya fainali Kogo naye alikuja. Aliketi kwenye kigoda chake kando ya mstari, na gambuti zake, kama refa wa pili. Kimulot walikuwa mbele bao moja kwa bila, na mechi ilikuwa inakaribia kwisha, beki wetu alipounawa mpira ndani ya boksi. Penalti. Mpigaji alikuwa Mogaka, kapteni wa Chepilat, fundi baiskeli mwenye mapaja ya kutisha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli la Kiptanui, nikimwomba Mungu mpira uingie. Kiptanui aligeuka akaniangalia mara moja. Halafu Mogaka akapiga, Kiptanui akaruka, akaudaka.

Mashabiki wote waliingia uwanjani. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi nikalia, na wala sikujificha.

Nilipoinua macho, Kiptanui alikuwa amejinasua kutoka kwa wenzake anaelekea kwa Kogo. Alivua jezi, akaikunja, akampa kwa mikono miwili, kifua wazi katika baridi ile ya Kimulot.

"Kogo, jina nimeachia timu, ni yao. Lakini hii ni yangu. Chukua mnyama wako."

"Hutaivaa tena?"

"Sitavaa."

"Hata wakikubembeleza?"

"Hata wakinibembeleza."

Kogo aliipokea jezi ile, akaiweka mapajani. Kisha akavua shuka lake mabegani akamrushia. "Jifunike. Usije ukaugua kabla wazee hawajarudi kwetu."

Nilifika hapo mbio. "Mjinga wewe! Sasa utacheza wapi? Hapa kwetu kila timu ni Simba!"

"Najua," Kiptanui akasema.

"Umejua saa ngapi?"

"Tangu siku ile uliniacha pale. Nilifikiria zote, mpaka Londiani. Hakuna."

Alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Aliurukia mpira ule akijua ni wa mwisho. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja, na mbele ya Kogo sikuweza lolote kati ya hayo.

Mogaka alikuja kumpa mkono, matope hadi kwenye nyusi. Alikuwa amesikia yote.

"Ndugu yangu," akasema, "sisi leo tumenyang'anywa jina, na ingine hatujapata. Na hiyo kipa yetu umeiona mwenyewe. Kuja Chepilat."

"Jina lolote!" Ephantus akapaza sauti kwenye kipaza sauti chake. "Lolote, lakini si Simba!"

Chepilat si karibu, na kila Jumapili ingekuwa ya safari. Kiptanui akamtupia Kogo jicho. Mogaka akamgeukia Kogo, akidhani yeye ndiye mwenye neno.

"Usiniangalie mimi," Kogo akamwambia. "Uliza mke wake."