Barua ya Bwana Haddow

Mpiga picha alitaka ndoo iondolewe. Ilikuwa imekaa chini ya dari inayovuja tangu Novemba, na Sheikha alipoisogeza jikoni, maji yakaendelea kudondokea zulia. Hakuna aliyejali. Kilichotakiwa ni ukuta safi, na katika flati yake pale Barking, London, ukuta usio na ukungu ulikuwa mmoja tu, ule wenye picha ya mwanawe Ziyad. Nayo picha wakaomba ishushwe.

"Dakika tano tu, Bi Sheikha," alisema Hamad. Hamad alikuwa mtu wa Pemba kama yeye, koti jipya, ulimi wa asali, mmoja wa wale ambao kila uchaguzi ukija hujifanya mlango wa jumuiya nzima. "Mzee Haddow hataki huzuni kwenye picha."

"Huzuni hiyo kaileta nani?"

"Tusianze, dada. Barua anayo mfukoni, mie mwenyewe nimeiona."

Kwa ajili ya barua hiyo Sheikha alikuwa ameomba ruhusa kazini, akamwachia mwenzake vikongwe wanne wa kuogesha. Akaishusha picha ya mwanawe na kuilaza kitandani.

Bwana mkubwa aliingia bila kuvua viatu. Victor Haddow, inspekta mstaafu, miaka thelathini polisi, sasa anagombea cheo kipya cha kusimamia polisi na mashtaka London nzima. Zamani viatu alikuwa akivivua. Kila mwezi alikuja kwenye ukumbi wa jumuiya, akakaa mkekani na soksi zake, akala biriani kwa mkono na kusifia pilipili, na watu wazima wenye akili zao wakamwona mwenzao. Hapo ukumbini ndipo aliposema: nileteeni vijana wenu nyinyi wenyewe, asiye na kosa hana la kuogopa. Sheikha alipomuuliza kama atafute wakili, alicheka. Wakili wa nini, kwa mazungumzo tu?

Kijana mmoja alikuwa ameuawa kwa kisu nje ya stesheni. Ziyad, miaka kumi na saba, alikuwemo katika kundi lililokimbia. Kisu hakukishika, na hata mahakama haikusema alikishika. Sheikha akafanya lile ambalo mama yake angelifanya. Kwao Wete, kijana akiingia kwenye fujo, mzazi wake humshika mkono akampeleka kwa sheha, mkuu wa mtaa. Husema alichokiona, hukaripiwa, wazee humwombea radhi, akarudi nyumbani kula. Sheikha akamwona Haddow ndiye sheha wa Barking. Akampigia Ziyad shati pasi, akampeleka kituoni kwa miguu yake mwenyewe.

"Sema kila kitu, mwanangu," alimwambia mlangoni.

Ziyad akasema kila kitu. Maneno yake yakasomwa kortini, na kwa sheria ya hapa aliyechoma na aliyekuwepo wakahesabiwa kitu kimoja. Kifungo cha maisha, asifikiriwe kutoka kabla ya miaka kumi na sita. Tisa alishaimaliza.

Sasa Jaswinder, wakili wa shirika moja la msaada, alikuwa amepata upenyo. Kesi ingeweza kutazamwa upya kama Haddow angeandika ukweli mmoja: kwamba alimwambia mama wakili hahitajiki. Nusu ukurasa ingetosha, lakini ifike kabla ya Ijumaa.

Haddow alimshika Sheikha mikono yote miwili. "Mama," alisema, na hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilobaki nalo. Yaliyofuata yalikuwa ya Kiingereza. "Wewe ni mwanamke shujaa."

"Umeandika habari ya wakili?"

"Nimeandika yaliyo moyoni mwangu."

"Uliniambia wakili hahitajiki. Unakumbuka?"

Haddow alimgeuzia mpiga picha shavu lake zuri. "Nakumbuka ulivyokuwa jasiri."

"Bi Sheikha," alinong'ona Hamad, "cheka kidogo."

Sheikha alimdharau Haddow kwa roho yake yote, na zaidi akamdharau Hamad, maana huyu alijua anachokifanya kwa lugha mbili. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akacheka. Kamera ikalia mara kumi na kitu, bahasha ikatoka mfukoni, imefungwa na kuandikwa jina la Jaswinder. Sheikha hakuifungua. Alilelewa kwamba barua ya mtu hufunguliwa na mwenyewe.

Kesho yake Jaswinder aliisoma mara mbili, kisha akaiweka mezani taratibu.

"Auntie, nani alikwambia hii itatusaidia?"

"Kwani imesemaje?"

Jaswinder akamsomea. *Nathibitisha kwamba mama huyu, akijua alichokifanya mwanawe, aliitanguliza sheria mbele ya damu yake.* Chini, saini kubwa yenye mkia.

"Habari ya wakili hamna," alisema Jaswinder. "Kilichomo ni kwamba ulijua ana hatia. Nikiipeleka hii, nawasaidia wao."

Sheikha alimpigia Hamad simu akiwa bado ngazini.

"Hiyo siasa, dada," alisema Hamad. "Ile statement unayotaka wewe ingemwangusha. Mwache ashinde kwanza, tutamkumbusha."

"Ijumaa ni keshokutwa, Hamad."

"Inshallah kheri."

Ijumaa ilipita. Jumatatu vipeperushi vikaanza kuingia kwenye matundu ya barua, na picha ikatoka hata magazetini: Sheikha na Haddow, mikono imeshikana, ukuta safi nyuma yao. Chini kwa herufi nene: HATA MAMA YAKE ALIJUA. Jirani mmoja akampongeza kwenye lifti. Mwingine, mama wa mmoja wa wale vijana waliofungwa pamoja na Ziyad, alishuka kwenye lifti hiyo hiyo alipomwona na kwenda kupanda ngazi.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumtembelea Ziyad gerezani. Mabasi mawili na treni moja, kisha foleni, kisha viatu na mtandio vikapekuliwa. Njia nzima alikuwa akipanga namna ya kumweleza, aanze na barua au aanze na msamaha. Askari jela wa mezani akatazama kompyuta, akaandika kitu, akatazama tena.

"Amekataa kushuka," alisema. "Na amekufuta kwenye orodha ya wageni. Leo asubuhi."

"Mwambie ni mama yake."

"Anajua."

Kisha askari akainua uso, akamkagua, na sauti yake ikalainika.

"Samahani, si wewe yule wa kwenye gazeti, na Haddow?" Akainamisha kichwa kwa heshima. "Mke wangu alisoma habari zako kwa sauti mbele ya watoto wetu. Laiti kila mzazi angekuwa kama wewe."

Akamrudishia kitambulisho chake kwa mikono miwili, akaita aliyefuata.