Damu Iliyolala Mgongoni

Maiti ya Havugimana ilifika katika kituo cha afya ikiwa imekwisha kuoshwa, kupakwa mafuta na kuzibwa pua kwa pamba, na jambo hilo peke yake lilitosha kumharibia Daktari Katungu siku nzima.

"Nani aliwaambia mumuoshe kabla sijamwona?"

"Docta, mutu hazikwi na uchafu," alijibu Nsabimana, mdogo wake marehemu, huku akijifuta jasho kando ya chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo wanaume wa Goma hubebea mkaa, viazi na, siku zile, hata wafu wao. "Mazuku imemuua. Nilimukuta asubuhi kule Munigi, ndani ya shimo, amelala kifudifudi, amekauka kama ubao. Nikamutoa kwa kamba. Andika tu, tumuzike."

Ulikuwa mwezi wa Januari, mwaka wa 2002. Volkano ilikuwa imeupasua mji vipande viwili kwa mto wa moto, na mwamba uliobaki ulikuwa bado ukifuka moshi. Waasi waliokuwa wakiutawala mji walikuwa na bunduki nyingi na majaji wachache, na hao wachache walikuwa wamekimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Watu walikuwa wakifa kwa kila namna, na aliyefia shimoni hakumshangaza mtu. Kila mtoto wa Munigi huijua mazuku, ile hewa nzito isiyo na harufu itokayo ardhini na kutuama mabondeni, ikaua mbuzi, ndege na yeyote ainamaye.

Mjane, Uwimbabazi, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Bwana yangu ndiye aliyekuwa anafukuza watoto kwenye lile shimo," alisema. "Angeshuka kutafuta nini? Docta, ukiandika mazuku, kesho huyu shemeji ananitoa kwenye kiwanja. Ameisha kuniambia. Kiwanja chetu cha mtaa wa Majengo, lava ilikipita pembeni, na kila mutu sasa anakitaka."

"Mama, kilio kimekuchanganya kichwa," alisema Nsabimana kwa upole mkubwa mno.

Daktari Katungu aliwatoa wote nje. Kule Kinshasa alikosomea, walikuwa wamemfundisha kuwachunguza wafu kwa hadubini na dawa za maabara. Hapa alikuwa na macho yake, vidole vyake na taa ya mafuta. Aliichomoa pamba puani. Chini yake, mahali ambapo kitambaa cha waoshaji hakikufika, palikuwa na mayai meupe ya nzi. Aliyatazama kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi alikuwa amepokea watu waliouawa na mazuku, na hakuwahi kuona nzi aliyetaga juu ya mmoja wao. Nzi naye akishuka mle hufa. Nyuma ya sikio, mfupa ulibonyea chini ya kidole chake kama ganda la yai.

Lakini hilo mtu angeweza kusema ni kuanguka shimoni. Kisha akampindua.

Mgongo mzima ulikuwa na rangi ya zambarau, isipokuwa mahali palipokuwa peupe: mistari miwili ya mbao na, kwenye bega, alama za pembetatu zilizopangika kama meno. Alitoka nje akaitazama chukudu. Katikati ya ubao, pale dereva anapowekea goti, palikuwa pamepigiliwa kipande cha mpira wa lori, chenye meno ya pembetatu.

Mkuu wa polisi wa waasi, ambaye watu wote walimwita Komanda Samy, aliitwa, akafika akiwa na haraka. Daktari alimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma.

"Damu ya mfu hushuka chini, kama mashapo ya mafuta ndani ya bidoni. Baada ya saa nyingi huganda pale pale ilipo, wala haihami tena. Palipobanwa na kitu haiingii, hubaki peupe. Mtu aliyefia kifudifudi angekuwa na rangi hii kifuani. Huyu alilala chali usiku kucha, juu ya ubao wa chukudu ile, ndipo akatupwa shimoni."

"Lakini nilimuleta juu yake," alisema Nsabimana. "Alama ni za leo."

"Wewe mwenyewe umesema ulimkuta amekauka. Aliyekauka haandikiki tena mgongoni. Hata ukimlaza juu ya misumari."

Komanda alijikuna kidevu. "Docta, mimi sikusomea hayo. Nimufunge mutu sababu ya rangi ya mugongo? Batu watanicheka. Mazuku, wote wanaielewa. Andika mazuku."

"Siandiki."

"Basi atazikwa bila karatasi yako."

Daktari alitamani kumpiga mtu kwa kiatu. Alikuwa na ukweli mkononi, mzima, usio na doa, na haukuwa na thamani zaidi ya karatasi ya kufungia karanga. Alichukua taa na kamba.

"Twende Munigi," alisema. "Ukinionesha mazuku mle shimoni, nitaandika mara kumi."

Komanda alikubali, pengine kwa sababu ya uchovu tu. Shimo lilikuwa nyuma ya mashamba, kando ya ulimi mpya wa lava. Majirani walisimama mbali, kama walivyozoea. Daktari aliiwasha taa, akaifunga kambani, akaanza kuiteremsha. Kila mtu pale alijua kwamba mle ndani moto huzimika kabla haujafika chini. Taa ilishuka, ikafika chini, ikaendelea kuwaka. Juu ya jiwe, karibu nayo, mjusi aligeuza kichwa.

"Ardhi imepasuka upya," alisema daktari. "Hewa ile imepata njia nyingine, na hakuna aliyepima, kwa kuwa nyote mnaliogopa shimo mlilorithi kuliogopa."

Alianza kushuka.

"Docta, usishuke," alisema Nsabimana, na sauti yake ilikuwa ya hofu ya kweli. "Utakufa."

Alishuka hadi chini, akaketi kwenye jiwe na kukunja mikono. Alikaa mpaka majirani wakaanza kusogea mmoja mmoja, na mwanamke fulani akacheka. Alipoinua macho, hakuna aliyekuwa akimtazama yeye tena. Wote walikuwa wakimtazama Nsabimana.

"Sasa umeelewa?" daktari alimuuliza komanda baada ya kupanda juu.

"Nimeelewa."

"Mfunge basi."

"Nimufungie wapi? Mahabusu yangu ni kontena, na ndani kuna mahindi ya jeshi. Jaji iko Gisenyi. Kesho nitamuita ofisini, tuandike mambo vizuri."

"Kesho hutamwona."

"Docta, umeshinda. Usitake na kunifundisha kazi."

Kesho yake Nsabimana hakuitika. Watu walisema ameonekana Bunagana, akivuka mpaka wa Uganda pamoja na wauza maharagwe. Daktari Katungu aliandika ripoti yake kwa ukamilifu, mfupa, mayai ya nzi na mgongo, akaipeleka ofisi baada ya ofisi, na kila ofisi ikamwelekeza kwenye nyingine.

Alimkuta Uwimbabazi kwenye kiwanja chake cha Majengo, akipigilia bati lililokunjamana juu ya miti minne. Ukoo wa marehemu ulikuwa umekaa na kukubaliana kwamba aliyekimbia hana cha kudai.

"Nisamehe, mama," alisema daktari. "Nimeshindwa. Hakuna hata aliyeisoma ripoti."

Uwimbabazi alitoa msumari mdomoni.

"Wewe ndiye uliyetaka tribinali na majaji wake, docta. Mimi nilitaka watoto wangu wasilale njiani. Nishikie bati hapa."

Daktari alilishika. Lilikuwa la moto kwa jua, na hasira yake ilikuwa haijapungua hata kidogo.