Mbuzi Aliyefufuka Darasa la Tano

Wafadhili walipotuletea kompyuta mwaka wa 1998, hedimasta Mativo aliifunika kitambaa cha kufuma na kuifungia ofisini kwake, kando ya vikombe vya michezo. Kila nikiiomba alinijibu, "Mwalimu Nzilani, watoto wa Kariobangi wataimaliza." Nilikereka kweli. Kompyuta si bibi harusi.

Nilimganda mpaka akachoka. Akanipa kipindi kimoja, mbele ya mwenyekiti wa wazazi. Tukionyesha faida yake, itakaa darasani. Tukishindwa, itarudi ofisini na nisiiulizie tena.

Tulijiandaa. Watoto wangu wa darasa la tano walitunga hadithi ya mbuzi aliyetoroka soko la Kiamaiko, wakachora picha, wakarekodi sauti, na fundi wa wafadhili akaviingiza vyote kwenye kompyuta. Kila njia panda hadithi husimama, na msikilizaji hubonyeza picha ya mahali anapotaka mbuzi aende.

Siku ikafika. Mwenyekiti, Mzee Luseno, ni mfanyabiashara wa mbuzi hapo hapo Kiamaiko. Mwanafunzi wangu Ayuma alikuwa ameshaunyoosha mkono abonyeze, hedimasta akamzuia.

"Mgeni wa heshima ndiye atakayetufungulia!"

Mgeni ni mgeni. Mzee Luseno alikishika kipanya kwa mikono miwili, akazitazama picha za kanisa, mtaa wa Fedha na machinjio, kisha bila kusita akabonyeza machinjio. Kikasikika kisu, mlio mmoja wa mbuzi, na neno MWISHO likajaa kwenye skrini.

"Hadithi nzuri," alisema. "Haina maneno mengi."

"Aii, ticha! Mbuzi amededi!" darasa zima likalia.

Hedimasta alikuwa ameanza kukunja waya. Machozi yalinilenga, lakini hasira ilinitangulia. Nikajipenyeza kati yao, nikabonyeza palipoandikwa MWANZO. Mbuzi akasimama, anatafuna sukuma wiki.

Mzee Luseno, aliyekuwa ameshasimama aondoke, akavua kofia. "Tangu nianze kuuza mbuzi sijaona aliyerudi," alisema, akaketi tena. Safari hii alimpeleka kanisani, mbuzi akala maua ya madhabahuni huku kwaya ikiimba. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Hedimasta akasogea. "Mzee, mpeleke Fedha. Kule kuna majani."

"Nani ameshika, wewe au mimi?"

"Lakini kompyuta ni ya shule!"

Darasa likagawanyika, nusu kwa mzee, nusu kwa hedimasta, kelele tupu. Kengele ililia na hakuna aliyeisikia.

"Itabaki darasani," hedimasta alitangaza hatimaye, macho yakiwa bado kwenye skrini. Nilikaribia kucheza kwa furaha.

Jumatatu asubuhi nilimkuta hedimasta kwenye dawati la Ayuma, kipanya mkononi, wanafunzi wangu wamepanga foleni nyuma yake.

"Dakika moja tu, Mwalimu," aliniambia bila kugeuka. "Mbuzi yuko njia panda."

Kompyuta nimeipata. Sasa naomba Mungu mwenye ofisi arudi ofisini.