Sindano Aongea na Darasa Zima

Sindano alikuwa mshonaji hodari wa suti, lakini kwa maneno alikuwa bubu wa kujitakia. Mteja akimuuliza nguo itakuwa tayari lini, alimwonyesha vidole: siku tatu, siku nne. Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu amsaidie, alikuwa amempenda nesi, na siku pekee aliyobakiwa nayo ya kumwambia ilikuwa Jumamosi hii hii. Nesi alikuwa amehamishiwa zahanati ya mbali. Jumatatu angeondoka na masanduku yake.

Walikutana hapa hapa darasani, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ofisi, ambako watu wazima wanane, kinyozi na mwokaji mikate wakiwemo, walikuja kila Jumamosi alasiri kujifunza kompyuta. Siku ya kwanza mwalimu, msichana mwenye miwani na subira ya kutosha kijiji kizima, alimtaka kila mmoja achague jina la kuingilia kwenye mashine. Mwashi alichagua Tofali. Mshonaji alichagua Sindano, kumbe nesi naye alikuwa analitaka hilo hilo.

"Mwachieni tu," nesi alisema akicheka. "Mimi sindano ninazo tele kazini."

Tangu hapo wakawa wanakaa jirani. Nesi akiongea, Sindano akiitikia kwa kichwa. Miezi ikapita hivyo, na bwana yule akajidanganya kwamba mwanamke akitaka kujua jambo atauliza mwenyewe.

Mashine zenyewe zilikuwa za kizamani, vioo vyeusi na maandishi meupe, zote zimeunganishwa na kompyuta moja iliyokaa chini ya meza ya mwalimu ikivuma. Hapakuwa na picha za kubofya. Unaandika amri, unabonyeza, inatenda.

"Kila amri ina mlango wa kuingizia maneno na mlango wa kuyatolea," mwalimu alieleza. "Usipoielekeza kwingine, yanaingia kutoka kwenye vidole vyako na kutokea kwenye kioo. Halafu kuna mlango wa tatu, wa malalamiko peke yake."

"Huo wa tatu kwangu nyumbani haufungwi," Tofali akasema, na darasa likaangua kicheko.

Sindano akaandika cat, amri ya kusomea faili, akabonyeza, akangoja. Kioo kimya. Akangoja tena mpaka shingo ikamwuma, ndipo akanyoosha mkono. Mwalimu akaja, akainama.

"Imekufa," Sindano alinong'ona.

"Haijafa, fundi. Hujaipa faili la kusoma, kwa hiyo inakungoja wewe useme. Wewe unaingoja, nayo inakungoja. Mtakaa hapo mpaka kiama."

Maneno hayo yalimchoma kuliko mwalimu alivyokusudia. Alimtupia nesi jicho la pembeni. Nesi alikuwa anakitazama kioo chake kwa makini mno, na kioo chenyewe kilikuwa kitupu.

Mwalimu akarudi ubaoni, akachora kistari cha wima. Hilo, alisema, ni bomba: kinachotoka kwenye amri ya kushoto kinaingia kwenye amri ya kulia, na tone halimwagiki njiani. Wakayapitisha majina ya darasa kwenye bomba, yakaingia kwenye sort, yakatokea yamepangwa kwa alfabeti. Kisha akawaonyesha kutumiana salamu. Echo inasema maneno, bomba linayabeba. Ukimalizia na wall yanafika kwenye vioo vyote. Ukimalizia na write pamoja na jina la mtu, yanamfikia huyo mmoja tu.

Wakaanza na wall. Sindano aliwapelekea wote "hamjambo", akajibiwa "hatujambo" mara saba. Alifurahi kama mtoto. Hakuwahi kuongea na watu wengi kiasi hicho kwa mpigo.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kama mdomo umegoma, vidole je? Mwalimu alipogeuka kufuta ubao, Sindano alibonyeza kitufe cha mshale wa juu, ile amri ya salamu ikarudi nzima nzima, kazi ikapungua. Akafuta "hamjambo", na mahali pake akaandika: "Nesi, nakupenda. Ukiondoka sijui nitamsikiliza nani. Naomba nikuoe." Akayasoma mara mbili, kama apimavyo kitambaa kabla ya kukikata. Maneno yalikuwa sawa kabisa. Ila kule mwisho wa bomba, ambako hakutazama, bado palikuwa na wall.

Akabonyeza. Mashine zote zikalia pamoja.

"Ujumbe kwa wote kutoka kwa Sindano," Tofali akaanza kusoma kwa sauti, maana alisoma kila kitu kwa sauti. "Nesi, naku... Mama yangu!"

Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Fundi," mwalimu alisema taratibu, "umesahau kubadilisha amri ya kulia." Akatafakari kidogo. "Lakini bomba limefanya kazi."

Nesi alivuta kibodi. Akaandika polepole, akabonyeza, akakunja mikono. Watu wote walikodolea macho vioo vyao. Hakikuja kitu.

"Jibu liko wapi?" Tofali akadai, utadhani posa ni yake.

"Nimelielekeza kwenye faili. Liko kwenye kabati la wote, pale mafaili ya darasa yanapokaa, linaitwa jibu. Anayelihitaji alifungue."

Vibodi vikalia ta-ta-ta. Kila mtu alikuwa na mbio kuliko mwenye shida. Kinyozi akatazama dari. Mwokaji mikate akaziba mdomo. Tofali naye, safari hii, akasoma kimya kimya, na hilo ndilo lililomtisha Sindano zaidi. Vidole vyake vinavyotunga uzi bila kukosea viliandika "jbu", na mlango wa malalamiko ukafunguka: hakuna faili la jina hilo. Akaandika "jibi". Hakuna. Mwalimu alitaka kumsaidia, nesi akamzuia.

"Mwache, mwalimu. Nimemngoja miezi, dakika moja haitaniua."

Mara ya tatu likafunguka: "Ndiyo. Lakini cherehani hubebeka, zahanati haibebeki."

Sindano aliona akilini duka lake la pembeni mwa barabara, meza ya kukatia, kibao alichokipaka rangi mwenyewe, wateja waliomzoea hata akiwa kimya. Huko mbali angeanza upya na watu wasiomjua. Akamgeukia nesi, akaona mikono ile iliyokunjwa imebanana mpaka vidole vimepauka. Kumbe naye alikuwa anaogopa. Hilo hakuwahi kulifikiria.

Alipeleka vidole kwenye kibodi, akaviondoa, akasimama.

"Nitaibeba," alisema, kwa sauti nene ambayo nusu ya darasa haikuwahi kuisikia. "Ila nipe wiki mbili, mpenzi wangu. Nina suti za watu, na siwezi kuondoka nimewaacha bila mikono ya makoti."

Nesi alicheka, kisha akalia, kisha akavifanya vyote viwili pamoja.